Gari Linapochemsha Mlimani: Hita, Rejeta na Maji ya Newala

 

Kila mwaka ifikapo Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, malori huanza kupishana usiku na mchana katika barabara za wilaya za Masasi na Newala. Magunia hutoka katika maghala ya vyama vya msingi, hupelekwa katika maghala makuu, kisha huteremshwa hadi bandari ya Mtwara. Malori hayohayo hurudi na saruji, mabati, unga na mafuta ya taa. Reli iliyojengwa kusini wakati wa mradi wa karanga wa Nachingwea, ambayo tawi lake lilifika Masasi, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu wakati huo mzigo wote wa uwanda wa Makonde hubebwa na magari.

Msimu huo wa mzigo mkubwa ndio pia msimu wa jua kali, kabla mvua hazijaanza, na ndio msimu ambao matangi ya maji ya mvua katika nyumba za Newala huwa yamekauka. Kwa hiyo lori hupanda mlima likiwa limejaa kuliko wakati wowote, katika joto kuliko wakati wowote, mahali ambapo maji ni adimu kuliko wakati wowote. Si ajabu basi kwamba katika miezi hiyo huonekana magari yamesimama kandokando ya mlima, boneti zimefunguliwa, mvuke unapanda, na utingo anazunguka nyumba kwa nyumba akiwa na dumu tupu mkononi.

Dumu hilo ndilo chanzo cha mada hii. Mfumo wa kupoza injini ya lori kubwa huchukua maji ya kadiri ya lita 30 hadi 50. Lori lililomwaga maji yake yote huhitaji ndoo mbili za lita 20 au zaidi ili liondoke. Katika uwanda usio na mito, ambako maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni kupitia mradi wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, ndoo mbili ni maji ya familia ya kupikia na kunywa kwa siku nzima. Mwenyeji hamnyimi msafiri maji; hiyo ni desturi njema. Lakini gari linalovuja huyapokea maji hayo na kuyamwaga tena kilometa chache mbele, na dereva hubisha hodi katika nyumba nyingine. Gari bovu la mtu mmoja hunywa maji ya watu wengi.

Kifaa kinachodharauliwa

Injini ya dizeli haitumii joto lake lote kuendesha gari. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi ya nguvu ya mafuta hugeuka kuwa kazi ya kusukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki ni joto ambalo lazima liondolewe, la sivyo vyuma vitaungua. Kazi hiyo hufanywa na maji. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda, yakachukua joto, kisha yakapita katika rejeta ambako upepo wa feni na mwendo huyapoza. Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa ili ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu mlango hufunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta.

Hita ya kabini ni sehemu ya mzunguko huohuo. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, pengine yenye ukubwa wa kitabu kikubwa, inayopokea maji ya moto ya injini kwa mipira miwili. Feni ndogo hupuliza hewa juu yake, na hewa hiyo huingia kabini ikiwa na joto. Hita haina moto wake wenyewe. Joto lake ni joto la injini, na maji yake ni maji ya injini.

Madereva wengi wa ukanda huu husema, "Hita ya nini katika joto la Masasi?" Kauli hiyo inaeleweka, lakini imezaa desturi mbaya. Mipira ya hita ikipasuka, haibadilishwi. Fundi huiunganisha pamoja ili maji yasipite kwenye hita, au huiziba kwa kipande cha bomba na waya. Koki ya hita huganda kwa kutu kwa kuwa haiguswi mwaka mzima. Siku ya shida inapofika, kifaa ambacho kingemweleza dereva kilichoharibika, na pengine kingemwokoa, kimekufa zamani.

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba si kila safari huishia Mtwara. Lori la Newala linalofuata barabara ya Tunduru na Songea hadi Njombe huingia katika miji iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Kioo hufunikwa na ukungu kwa ndani, na kitambaa hakitoshi kuufuta. Hewa kavu ya moto kutoka kwenye hita ndiyo husafisha kioo. Hata Newala yenyewe, asubuhi za kipupwe, ukungu hutanda juu ya barabara, na dereva asiyeona mbele ni hatari kwa watoto wanaokwenda shule.

Jambo la pili ni kubwa zaidi: hita ni shahidi. Ikisomwa pamoja na geji ya joto, husema ukweli wa mfumo mzima bila kufungua hata nati moja.

Kusoma hita na geji pamoja

Hali ya kwanza: geji imepanda kwenye alama nyekundu, lakini hita, ikifunguliwa kwenye moto wote, inatoa hewa baridi. Hii ndiyo hali mbaya kuliko zote. Maana yake ni kwamba maji ya moto hayafiki kwenye hita: yamepungua sana, au hewa imenasa ndani ya mfumo, au pampu ya maji haisukumi. Dereva asiendelee hata mita mia. Atafute mahali salama na kuzima injini.

Hali ya pili: geji imepanda, na hita inatoa hewa ya moto sana. Hapa maji yapo na yanazunguka, ila hayapozwi. Kasoro itafutwe upande wa mbele: rejeta imeziba ndani au mapezi yake yamejaa vumbi na majani, mkanda wa feni umelegea, au klachi ya feni imekufa. Mpira wa chini wa rejeta ukiwa baridi wakati injini inaungua, inashukiwa kwamba themostati imenata ikiwa imefungwa.

Hali ya tatu: geji haipandi hata baada ya mwendo mrefu, na hita ni vuguvugu tu. Themostati imenata ikiwa wazi, au imeng'olewa.

Hali ya nne: geji iko mahali pake, lakini hita ni baridi. Injini ni nzima. Hita yenyewe ndiyo yenye kasoro. Koki imefungwa, mipira imekatwa, au rejeta ndogo imeziba kwa kutu. Mipira yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita, na tatizo liko kwenye feni ndogo au vilango vya hewa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, maji yamezuiwa njiani. Mipira hiyo ikaguliwe injini ikiwa imezimwa, na kwa tahadhari.

Hali ya tano: ndani ya kabini kuna harufu tamutamu, zulia la upande wa utingo limelowa, na kioo kinapata mafuta ya ukungu yasiyofutika. Rejeta ndogo ya hita inavuja. Maji ya injini yanaisha polepole bila tone kuonekana chini ya gari, na dereva huongeza maji kila asubuhi akidhani yanakauka tu. Maji ya mfumo uliofungwa hayakauki. Yakipungua, yamepita mahali.

Tiba za uongo

Ya kwanza ni kung'oa themostati. Gari likichemsha mara mbili, husemwa kwamba "kale kadude kanazuia maji", na kinang'olewa kikatupwa. Matokeo yake injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula dizeli zaidi, na vyuma vyake huchakaa mapema. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa. Gari lililong'olewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha zaidi katika mlima mrefu. Themostati hupimwa kwa urahisi: huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayochemshwa. Isipofunguka, inunuliwe mpya.

Ya pili ni kutia maji yoyote yanayopatikana. Maji ya kisima chenye chumvi hufanya ndani ya injini kile yanachofanya ndani ya birika: huacha ukoko mweupe. Ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji, na huziba mirija myembamba ya rejeta, ikianzia ile ya hita iliyo myembamba zaidi. Maji ya dimbwi huongeza tope. Kinachofaa ni kulanti iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, mara nyingi nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kama yale ya betri. Wengine husema kulanti ni ya nchi za theluji. Huko huzuia maji yasigande. Huku huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Pasipo na maji yaliyochujwa, maji safi ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora kuliko ya kisima cha chumvi, na katika hilo Newala ina utajiri wake.

Ya tatu ni kufunga rejeta kwa kifuniko chochote, hata kwa kitambaa na mfuko wa plastiki. Kifuniko cha rejeta ni kifaa cha kazi. Springi yake huweka shinikizo ndani ya mfumo, na maji yaliyo chini ya shinikizo huchelewa kuchemka: kifuniko chenye nguvu ya baa 1 huyafanya yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Bila shinikizo, maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 pwani, pungufu kidogo Newala, na kama nyuzi 93 Njombe. Springi ikilegea, gari zima kabisa huchemsha mlimani, na fundi hufungua injini akitafuta ugonjwa ambao haupo.

Pamoja na hayo, upo ugonjwa ambao kweli uko ndani. Viputo vinavyopanda kwenye rejeta wakati injini inanguruma, moshi mweupe usiokoma, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili za gasketi ya silinda hedi kuungua. Hapo hakuna dawa ya njiani. Mara nyingi gasketi huungua kwa sababu gari liliendeshwa likiwa linachemsha, kwa matumaini kwamba litafika tu.

Gari likianza kuchemsha mlimani

Dereva mwenye busara hujiandaa chini ya mlima. Hupunguza gia mapema, ili injini izunguke kwa wepesi na pampu na feni zifanye kazi yake, badala ya kuilazimisha kuvuta mzigo kwa gia nzito. Geji ikianza kupanda, hufungua madirisha, hufungua hita kwenye moto wote na kuweka feni yake mwisho. Kabini itakuwa kama tanuri kwa dakika chache, lakini rejeta ndogo itakuwa inasaidia rejeta kubwa kutoa joto. Huo ndio msaada wa hita unaosahauliwa.

Geji isiposhuka, asimame mahali palipo tambarare na panapoonekana. Avute breki ya mkono, aweke kabari kwenye magurudumu na pembetatu za kuakisi mbele na nyuma. Mawe yaliyotumika kama kabari yaondolewe gari linapoondoka. Jiwe lililoachwa barabarani usiku huua mwendesha bodaboda asiye na kosa. Ikiwa maji yapo na hayajamwagika, injini iachwe ingurume taratibu bila mzigo kwa dakika chache ili feni iipoze. Ikiwa mvuke umetoka na maji yamekwisha, izimwe mara moja.

Kisha asubiri. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa haraka yoyote iliyopo. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yakipata njia hugeuka mvuke papo hapo na kurukia uso, kifua na macho ya aliyeinama. Mara nyingi aliyeinama ni utingo, kijana ambaye hakufundishwa. Nusu saa ni kiwango cha chini cha kusubiri, na mara nyingi zaidi ya hapo. Baadaye kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene, kizungushwe robo tu mpaka shinikizo litoke, ndipo kiondolewe. Maji ya baridi yasimwagwe ndani ya injini inayoungua. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla hupasuka. Yatiwe kidogokidogo injini ikiwa imepoa, na koki ya hita ikiwa wazi ili hewa iliyonaswa itoke.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata, naye apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala majivu. Hiyo ni sababu nyingine ya kila lori kubeba maji yake lenyewe: mahali pasipo na mto wala bomba, dumu lililo nyuma ya kiti ndilo litakalookoa jicho la kijana.

Wajibu wa kila mmoja

Mfumo wa kupoza injini ni suala la huduma za jamii kwa sababu magari ya huduma hupanda mlima huohuo. Boza linaloleta maji shuleni, gari linalosambaza dawa katika zahanati, na gari la wagonjwa linalomteremsha mama mjamzito kwenda Ndanda au Ligula, yote yana rejeta, themostati na hita. Gari la korosho likichemsha, mzigo huchelewa siku moja. Gari la mama mwenye uchungu likichemsha, hakuna wa kusema litachelewesha nini.

Mwenye gari anawajibika kununua kulanti na mipira mipya kabla ya Oktoba, wala si baada ya lori kukwama. Fundi anawajibika kurudisha hita na themostati mahali pake, na kumweleza mwenye gari anapokataa. Dereva anawajibika kuangalia maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, na kuandika kiasi alichoongeza. Lita moja kila siku kwa wiki nzima ni taarifa ya kuvuja, na daftari la shilingi chache huiona kabla ya mlima kuiona. Mapezi ya rejeta yaoshwe kwa maji kidogo au hewa ya kompresa kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Wananchi nao wana nafasi yao. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika walau mara moja kila miezi mitatu, ni mahali halali pa kuuliza: gari linalohudumia zahanati yetu lilikaguliwa lini, na lilipoharibika mara ya mwisho kasoro ilikuwa nini? Swali hilo liulizwe kwa adabu na liandikwe kwenye muhtasari. Na utingo anapobisha hodi na dumu tupu, apewe maji kama desturi inavyotaka, kisha aulizwe: "Mwanangu, hita ya gari lenu inatoa moto au baridi?" Akijibu kwamba ni baridi, au kwamba ilizibwa siku nyingi, aambiwe amwambie dereva wake asiwashe gari mpaka fundi afike.